Haya ya Njia Panda

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na paa la mnara limeipokea kwa mikono miwili. Linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, nyuma ya viti vyetu. Fundi wa redio kaweka ndoo. Nikamwuliza kama hiyo ndiyo mitambo mipya tuliyoahidiwa, akasema ndiyo, ina uwezo wa lita ishirini.

Mvua ikija, upepo unageuka, na upepo ukigeuka njia fupi inafunguliwa. Miezi mingine sisi waongoza ndege tunahangaika na njia moja tu ya kurukia, ile ndefu. Sasa tunazo mbili, na zinakatana katikati kama mkasi. Ndege kubwa zinatumia ndefu, ndogo zinatumia fupi. Pale zinapokatana sisi tunapaita panda, na pale hapana nafasi ya ndege mbili. Wanaohakikisha hilo ni watu wawili waliokaa bega kwa bega juu ya mnara, kila mmoja na njia yake, wakibadilishana viti siku hadi siku. Mwaka huu ni mimi na Kimya.

Kimya ni jina nililompa mimi alipoletwa kwangu kujifunza kazi, miaka minne iliyopita. Anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Kitabu cha kazi kinasema mwenye njia ndefu ndiye mwenye panda, na mbele yake kuna kibao chekundu cha mbao. Wa njia fupi akiitaka panda, aiombe kwa maneno kamili, aitaje ndege, kisha akabidhiwe kibao mkononi. Bila kibao hakuna ruhusa. Maneno mazuri, yaliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa kiti hiki saa tisa alasiri ndege tano zikikuita kwa mpigo. Sisi tunasema "Panda?" na mwenzako anajibu "Haya", kazi inasonga. Kibao chenyewe kiko chini ya mguu wa meza ya birika, kwa sababu ile meza ilikuwa inayumba. Nilikiweka mimi. Wiki yake ya kwanza Kimya alikitafuta kila mahali, maskini, nikamwambia, "Mdogo wangu, hapa tunaelewana kwa neno moja."

Alhamisi, 6 Machi

Baba watoto anasema haya yangu haina thamani. Eti naitoa hata kabla hajamaliza kuuliza. Nikamjibu haya. Akacheka mpaka akaketi chini.

Jumanne, 11 Machi

Mvua kidogo asubuhi, jua mchana. Hakuna la kuandika.

Jumapili, 16 Machi

Fundi wa redio kabadilisha ndoo, ya kwanza ilikuwa na ufa. Kwa hiyo tulikuwa na ndoo inayovuja chini ya paa linalovuja. Nimemwandikia mkuu wa mnara barua ya tatu kuhusu paa. Huyu bwana barua anazisoma, tatizo ni kwamba akishazisoma anaona kazi imekwisha.

Jumamosi, 22 Machi

Siku nyepesi. Niliwahi nyumbani, nikalala.

Jumamosi, 29 Machi

Binti yetu amerudi chuoni leo. Baba watoto kamleta uwanjani saa mbili nzima kabla ya safari, yeye ni wa hivyo, na sanduku limefungwa kamba utadhani linataka kutoroka. Zamu yangu ilikuwa njia fupi, kwa hiyo ndege yake ndogo ya viti kumi na viwili nimeirusha kwa sauti yangu mwenyewe. Nikampungia mkono dirishani ingawa najua hanioni. Kimya akatabasamu, akaniambia, "Dada, hiyo haimo kwenye kitabu."

Mfukuza ndege naye alinichekesha. Kila mgeni lazima aelezwe kwamba uwanja wa ndege umemwajiri mtu wa kufukuza ndege, wale wa manyoya, wanaofuata wadudu wa mvua kwenye lami. Leo alikikimbiza kigari chake kando ya njia mpaka matope yakaruka, kama anayefukuzwa ni yeye. Nilimcheka peke yangu.

Ndege ikaondoka kwa wakati. Siku nzuri.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Ndoo. Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Kesho huenda nisiweze kusoma mwandiko huu, lakini nikiacha kuandika nitaanza kutembea tena sebuleni, na baba watoto amekwisha kuniomba mara mbili nikae.

Saa tisa kasoro robo mchana. Mvua ilikuwa imetoka kukata, na zote zilizokuwa zikiisubiri iishe zikataka kuondoka pamoja. Mimi nilikuwa njia ndefu, Kimya njia fupi. Nilikuwa na ndege kubwa kichwani mwa njia, abiria mia moja arobaini na watatu. Nikaipa ruhusa ya kuruka. Ikaanza kukimbia.

Nikainua macho. Upande wa kulia, chini kabisa ya wingu, niliona ndege ndogo imetoa magurudumu, inakuja kutua njia fupi. Nikawaza, Kimya ataigeuza. Nikamtazama Kimya. Alikuwa ameinama anaandika kwenye karatasi yake, ametulia, kama mtu ambaye kila kitu chake kiko sawa.

Nilifungua mdomo. Naandika hili kwa sababu hakuna mwingine anayelijua: nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Miaka kumi na tisa ya kazi, kipaza sauti kiko mkononi, na nilikaa natazama kama mtu aliyeletwa kutembezwa.

Kimya aliinua kichwa. Sikujua kwamba ana sauti ile. Alimpigia rubani kelele apande, apande sasa hivi, akate kushoto. Magurudumu ya ile ndogo yalikuwa yamekwisha kugusa lami, niliona maji yakiruka, kisha ikajinyanyua, inayumba. Kubwa haikuweza kusimama tena, mwendo ulikuwa umeshakuwa mkubwa mno. Iliinua pua palepale panda. Niliona tumbo la ile ndogo nyuma ya mkia wa ile kubwa, na kwa kitambo sikuweza kuzitenganisha. Nikasubiri moto.

Moto haukuja. Kila moja ikaingia kwenye wingu lake.

Fundi wa redio alikuwa amesimama nyuma yetu ameikumbatia ndoo kifuani, mdomo wazi, na maji ya paa yanadondoka sakafuni. Kimya akanigeukia. Uso wake haukuwa na damu.

"Dada, si ulisema haya?"

"Haya ipi?" nikamwambia. "Hukuniomba!"

"Nilikuomba."

"Hukuniomba, Kimya! Ungeniomba ningekunyima, kubwa ilikuwa tayari iko njiani!"

Akafumba macho. Mkuu akapanda ngazi mbili mbili, akatuondoa sote wawili vitini.

Alhamisi, 10 Aprili

Mita ishirini na sita. Ndivyo alivyosema mchunguzi aliyetumwa, mama mmoja mwenye mafua na leso isiyotoka mkononi. Niliporudi nilipima kwa hatua kuanzia mlangoni kwetu. Inaishia kwa jirani, kwenye kamba yake ya nguo.

Nimeandika maelezo yangu. Yanajaza ukurasa mmoja na nusu, lakini yenye uzito ni maneno mawili: Hakuniomba panda. Nikayapigia mstari bila kuombwa na mtu. Kimya naye kaandika kwamba aliomba na akajibiwa. Redio zetu zinarekodi tunayosema na marubani. Tunayosemezana wenyewe kwa wenyewe yanabaki hewani, kwa hiyo ni neno langu na neno lake.

Namjua Kimya. Nimekula naye sahani moja. Sikuwahi kudhani ni mtu wa kumtwika mwenzake kosa lake.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijala. Nikifumba macho naona lile tumbo.

Jumatatu, 14 Aprili

Mkuu kaniita, kanikaribisha kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Mama, miaka kumi na tisa bila doa. Tumekuamini. Rudi kazini." Kimya amesimamishwa. Kikao ni tarehe sita Mei, na mkuu hakunificha: kijana atamwaga unga, na leseni itakwenda na maji. Ana mapacha ambao hawajatimiza mwaka.

Nilitoka nikiwa nimefarijika. Sitaki kuliandika kwa namna nyingine. Nilifarijika.

Alhamisi, 17 Aprili

Kimya amepiga simu. Sauti yake ileile, nikalazimika kubana simu sikioni.

"Dada, shikamoo. Sikupigii kukulaumu."

"Marahaba. Sema."

"Nataka kuuliza kitu kimoja tu. Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi nitakuwa niliota," akasema. "Maana mke wangu ananiuliza kila siku, na mimi nimeanza kutokujua. Nakuona kabisa ukisema. Lakini kama wewe una hakika, basi niliota. Samahani kwa usumbufu."

Nilikasirika mchana kutwa. Kwa nini aniombe samahani? Angenitukana ningejua pa kusimama.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua. Kitini kwa Kimya yuko mtu wa zamu nyingine, anapiga kelele kama yuko sokoni. Anasema "Panda?" na mimi nasema "Haya".

Jumatano, 23 Aprili

Niliamka nikitaka kushona shati la kazi lililochanika kwapa. Kona ya chumba ilikuwa tupu. Cherehani ya marehemu mama yangu haipo. Imebaki alama ya miguu yake minne sakafuni.

Nilipiga ukelele. Baba watoto alikuwa nje anafungua friji ya mteja, akaja mbio na bisibisi mkononi.

"Cherehani ya mama iko wapi?"

"Kwa dada yangu. Si amepata kazi ya sare za shule? Kaja kuichukua jana ulipokuwa kazini."

"Bila kuniuliza? Kitu cha mama yangu, wewe, unakitoa bila kuniuliza?"

"Nilikuuliza."

"Hukuniuliza!"

"Mama watoto, nilikuuliza juzi jioni. Ulikuwa umesimama pale dirishani unatazama mvua. Nikasema wifi yako anaomba cherehani kwa mwezi mmoja, nimpe? Ukasema haya."

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa tayari kumwambia anaota. Hilo ndilo neno lililokuwa linatoka, kuota, na nikalirudisha.

Maana sikukumbuka kitu. Si kwamba nilikumbuka nusu, au nilikumbuka vibaya. Hapakuwa na chochote. Ningeapa. Ningeandika ukurasa mmoja na nusu na kupiga mstari.

Nikaketi sakafuni katikati ya zile alama nne. Baba watoto akadhani nalilia cherehani, akaanza kuniapia kwamba ataifuata leo leo.

"Iache," nikamwambia. "Mwachie wifi. Nieleze tu tena. Nilisemaje?"

"Ulisema haya. Kama kawaida yako."

Alhamisi, 24 Aprili

Nilimkuta fundi wa redio chini ya paa lake. Nikamwuliza siku ile alikuwa anafanya nini na ndoo kifuani.

"Nilikuwa naihamisha, ilikuwa imejaa. Nikakujulisha kwanza, maana nilikuwa napita nyuma ya kiti chako na maji. Nikasema, mama, nahamisha ndoo."

"Nikasemaje?"

"Ukasema haya."

"Na Kimya? Kimya alisema kitu?"

Akafikiri. "Alisema. Alisema kitu wakati mmoja na mimi. Unajua sauti yake ilivyo."

"Kwa nini hukumwambia mchunguzi?"

"Nani aniulize? Mimi si mtu wa ndoo?" Kisha akanionyesha dari, karibu na taa, kitundu kidogo chenye wavu ambacho mimi nilidhani ni cha hewa. "Hata hiki hakuna aliyekiulizia. Hiki kinasikia chumba chote. Kinatunza siku thelathini. Siku ile ile nilizitoa kumbukumbu zake nikazifungia kabatini, kitabu ndivyo kinavyosema, nikamwandikia mkuu barua."

Barua. Mkuu atakuwa ameisoma.

Usiku huu sijui kama nitalala. Nikinyamaza mpaka tarehe sita hakuna atakayejua. Nimeiandika sentensi hiyo nione inafananaje. Inatisha kwa namna inavyokaa vizuri.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekwenda kwa mchunguzi kabla ya zamu, ili nisipate muda wa kujishawishi. Mafua yake bado. Nikamwambia, "Yale maelezo yangu si ya kweli. Niliyaamini, lakini si ya kweli. Kijana aliomba. Fundi naye alisema jambo lake papo hapo. Mimi nilimjibu fundi."

Aliweka leso chini. "Unakumbuka sasa?"

"Sikumbuki. Ndicho ninachokuambia. Sikumbuki hata kidogo."

Nikamweleza habari ya cherehani, ya kitundu cha dari, ya kibao chini ya meza ya birika. Aliandika yote. Aliniuliza kama najua nini kitanipata, nikasema najua. Nikaenda kumwambia mkuu, na safari hii hakunikaribisha kiti.

Nilipofika nyumbani nikampigia Kimya. Nilikuwa nimepanga hotuba. Nikasema, "Mdogo wangu, hukuota." Upande wa pili nikasikia anamwita mke wake, halafu sauti ya mtu mzima analia.

Jumatano, 30 Aprili

Nyumbani. Nimenywesha mimea ambayo mvua ilikwisha kuinywesha.

Jumanne, 6 Mei

Kikao. Walicheza sauti ya chumba. Nilijisikia nikicheka kidogo na rubani, kisha matone kwenye ndoo. Kisha fundi, "Mama, nahamisha ndoo," na chini ya maneno yake, kama mtu aliye chumba cha pili, "Panda?" Kisha mimi. Haya. Nyepesi, ya haraka, imekwisha. Kuna ile haya nyingine, ya kuona aibu, na hiyo ndiyo iliyonijaa mpaka masikioni.

Kimya anarudi kazini baada ya mafunzo, kwa kosa la kutokisubiri kibao. Alisimama akasema ni kweli, kosa ni lake. Mimi nikasema nani alimfundisha? Mimi leseni yangu imesimamishwa mwaka mzima. Nilitegemea kulia, sikulia. Nilidhani jambo limekwisha.

Halafu mchunguzi akapenga kamasi akasema hajamaliza. Alikuwa amesikiliza siku zote thelathini. Alikaa na vipokea sauti masikioni, mama wa watu, na mafua yake, akihesabu "Panda?" zetu zote, na kuifuata kila "Haya" aone ilikuwa ya nani.

"Kumi na moja," akasema. "Mara kumi na moja kabla ya tarehe tisa, ile haya haikuwa ya yule aliyeomba. Ndege iliruka au ilitua bila ruhusa ya mtu yeyote. Saba ni za mama huyu. Nne ni za kijana. Hamkujua, kwa sababu panda palikuwa patupu. Isipokuwa mara moja."

Chumba kizima kilimgeukia mkuu, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilimtazama Kimya, na yeye ananitazama mimi.

Wametupatia karatasi yenye tarehe zote kumi na moja.

Jumatano, 7 Mei

Upepo umerudi kawaida. Leo asubuhi walifunga njia fupi, nilizisikia ndege zote zikiondoka upande mmoja. Kimya, aliyeanza mafunzo yake mnarani, kanipigia kusema meza ya birika inayumba tena, maana kibao wamekichomoa. Kina alama ya mguu wa meza katikati na hakifutiki.

Karatasi ya mchunguzi iko mbele yangu, na shajara hii pia. Nimekuwa nikizilinganisha tangu asubuhi. Tarehe kumi na moja Machi: ndege ya kutua, haya ilikuwa ya mfagiaji aliyetaka kupita. Mimi hapa nimeandika, Hakuna la kuandika. Tarehe ishirini na mbili, mara mbili kwa siku moja. Mimi nimeandika, Siku nyepesi. Niliwahi nyumbani, nikalala.

Ile ambayo panda hapakuwa patupu ni tarehe ishirini na tisa Machi. Mimi nilikuwa njia fupi, nikauliza "Panda?" Wakati huohuo mfukuza ndege alimwomba Kimya kwa redio avuke njia ndefu na kigari chake, pale katikati. Kimya akamwambia haya. Nikaichukua mimi. Mchunguzi ameandika kwamba dereva aliiona ndege ya viti kumi na viwili ikimjia, akakanyaga mafuta, akatoka panda kwa sekunde nne.

Baba watoto ameingia sasa hivi kuniuliza kama nitakunywa chai. Sikumjibu haya. Nimemwonyesha kwa kidole nilichoandika siku ile, akakaa karibu nami akasoma kwa sauti, habari ya sanduku na kamba, ya mkono dirishani, ya kigari na matope. Alicheka kidogo pale kwenye sanduku, kwa sababu bado hajaisoma karatasi.

Kisha akasoma mistari ya mwisho. Ndege ikaondoka kwa wakati. Siku nzuri.